Kondoo Sita wa Coralie Trembath

Daktari wa kwanza aliyemkataza Coralie Trembath kukaribia kondoo alikufa kabla yake. Wa pili alistaafu, akahamia Queensland kufuata jua. Wa tatu, binti mpole mwenye miwani, alimwandikia katazo hilo kwenye karatasi na kulipigia mstari mara mbili: asiguse manyoya, asikae penye nyasi kavu, asivute vumbi. Coralie aliikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa ovaroli, akaenda kulisha kondoo ishirini waliokuwa wakimsubiri bandani.

"Wamenikataza kuishi tangu nina miaka minne," aliniambia siku ile huku akimwaga chakula. "Ningewasikiliza, mdogo wangu, ningekuwa nimejifungia chumbani, madirisha yamekazwa, nakufa taratibu kwa uchovu wa kutofanya kitu."

Mimi naitwa Ilka. Kazi yangu ilikuwa kuendesha mashine ya kupima pumzi katika shamba la utafiti huku kwetu Gippsland, mashariki ya Melbourne, na nilifanya kazi na Coralie kwa miaka kumi na mmoja. Mengi ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Machache ambayo sikuyaona alinieleza mwenyewe, naye hakuwa mtu wa kupamba maneno.

Alizaliwa Yallourn, mji ambao leo haupo, kwa maana uliondolewa nyumba baada ya nyumba ili makaa yaliyolala chini yake yachimbwe. Baba yake alikuwa fundi wa mitambo. Pumu ilimshika Coralie kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na haikuwa ile pumu ya watoto wengi, ya kuvuta inhela mara mbili kisha mtoto anarudi uwanjani. Yake ilikuwa pumu kali, sugu. Steroidi, dawa ambazo wengine huwafungua kifua wakasahau kama waliumwa, yeye zilimvimbisha uso tu na kumdhoofisha mifupa, kifua kikabaki kilekile. Shuleni walimwita Birika kwa sababu ya ule mluzi wa kifuani. Aliyemwita hivyo wa kwanza alipigwa ngumi ya pua. Coralie naye alianguka palepale kwa kukosa pumzi, lakini kila aliposimulia alisisitiza kwamba yule mwenzake ndiye aliyetangulia chini.

Alikua, akaolewa, akaachika, akapikia wakata manyoya kwa miaka ishirini, akihama nao kutoka banda hadi banda, katikati ya manyoya yaleyale aliyokatazwa. Mwaka alioomba kazi kwetu alikuwa na miaka arobaini na tisa.

Aliyemsaili alikuwa Dokta Zoran Perkovac, mkuu wa utafiti, mtu mrefu, msafi, anayesema polepole kana kwamba kila neno lake linaandikwa mahali.

"Una maradhi yoyote, mama?"

"Nina pumu kali."

Dokta aliweka kalamu chini. "Sisi hapa tunawapa kondoo pumu."

"Basi mnahitaji mtu anayeijua."

Akampa kazi, kwa sharti kwamba avae ile barakoa yenye feni ndogo inayofungwa kiunoni, inayomsafishia hewa. Alionekana kama mpiga mbizi aliyepotea njia.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mapafu ya kondoo yanakaribiana kwa ukubwa na ya mtu, na kondoo aliyezoeshwa anaweza kusimama katika kizimba chake, macho wazi, anatafuna, huku mrija mwembamba umepita puani. Tuliwachoma sindano za kuifanya miili yao iwachukie wale wadudu wasioonekana wa vumbi la magodoro, ambao ndio adui wa wenye pumu wengi. Baadaye tuliwatia kiasi kidogo cha vumbi hilo mapafuni, wiki baada ya wiki, hadi mirija yao ya hewa ikavimba na kubana. Mimi nikapima jinsi pumzi inavyopita kwa taabu. Kisha walipewa steroidi, tukapima tena, kabla ya kuwajaribia dawa mpya iliyokuwa ikitafutwa.

Sheria ya banda ilikuwa kondoo waitwe kwa namba ya sikioni. Coralie alitii sheria hiyo mbele za watu. Tulipokuwa wawili, namba ishirini na saba alikuwa Refa, kwa sababu alimkodolea kila mtu macho kana kwamba amecheza rafu.

Katika kundi la mwaka ninaoukumbuka zaidi, kondoo kumi na wanne walipata nafuu nzuri kwa steroidi. Sita hawakupata. Ungewapa kipimo kidogo, ungewapa kikubwa, mirija yao ilibaki imebana vilevile. Refa alikuwa mmoja wa hao sita. Mpango ulioidhinishwa ulisema wazi: asiyepata nafuu aondolewe wiki ya ishirini. Kuondolewa maana yake ni lori, sindano na tanuri.

Lori lilifika Jumanne asubuhi, mwezi wa tatu, nchi imekauka na upepo unatoka kaskazini. Dereva aliteremsha ngazi ya mbao ya kupandishia wanyama. Coralie akaja na chupa yake ya chai, akaketi katikati ya ngazi ile.

"Mama, nina safari nyingine," dereva alisema.

"Safari njema, baba."

Dereva alicheka, kisha akaona hatanii. Nikaenda kumwita Dokta Perkovac. Alikuja kwa mwendo wa haraka, viatu vyake vya mjini vimeshajaa vumbi.

"Coralie, tulikubaliana. Imeandikwa. Hawa sita wanachafua matokeo."

"Wanachafua?"

"Wanavuruga hesabu. Nina kondoo kumi na wanne waliopona vizuri..."

Coralie alivua barakoa ili asikike. "Waliopona wanataka dawa mpya ya nini?"

Dokta aligeuka kuwatazama kondoo.

"Nakuuliza wewe mwenye vyeti ukutani. Hiyo dawa mpya unamtengenezea nani? Anayepona kwa dawa ya zamani? Huyo ana dawa tayari! Asiye nayo ni mimi. Na hawa sita ndio mimi, ila wana miguu minne. Umehangaika miaka yote hii kutafuta kondoo mwenye pumu kama ya Coralie, umempata, sasa unamtia kwenye lori!"

"Hiyo si sayansi. Hiyo ni hasira."

"Basi ipime. Ilka ana mashine."

Dereva akageukia pembeni kuficha kicheko. Dokta uso ulimwiva. Akasema kwamba akihesabu hadi tano naye hajashuka, hiyo itakuwa siku yake ya mwisho kazini. Akaanza kuhesabu kweli, kama mzazi kwa mtoto. Coralie akajimiminia chai.

Alipofika tatu, upepo ulipiga, vumbi la uani likapanda lote kwa pamoja. Coralie alikohoa mara moja, akakohoa tena, akashika ukingo wa ngazi. Nilimjua, nikaanza kukimbia. Alivuta inhela mara nne, mara sita. Haikusaidia kitu. Mabega yake yalipanda hadi masikioni, midomo ikaanza kubadilika rangi, na ule mluzi wa kifua ukazidi kuwa mwembamba. Mluzi ukikoma ndipo uogope, kwa maana hakuna tena hewa ya kupiga mluzi. Ulikoma.

Nilivuta mtungi wa oksijeni tuliouweka bandani kwa ajili ya kondoo, nikambana usoni kwa barakoa ya kondoo, ambayo haikumkaa sawa. Dereva alipiga simu ya gari la wagonjwa. Dokta Perkovac alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi, ameshika mkono wa Coralie, akiniuliza, "Nifanye nini? Ilka, nifanye nini?"

Mtu huyu alikuwa ameandika makala zaidi ya arobaini juu ya pumu. Lakini udaktari wake ulikuwa wa maabara, si wa wodi. Sidhani kama siku hata moja alikuwa amemwona mtu akizama nchi kavu.

Gari lilifika baada ya dakika kumi na nane. Katika hekaheka hiyo hakuna aliyemkumbuka dereva wa lori, naye akaondoka zake, ngazi imepandishwa, lori tupu.

Coralie alilazwa hospitali ya Traralgon siku tano, mbili kati yake kwenye chumba cha mahututi. Siku ya nne Dokta alikwenda kumwona, nami nikafuatana naye. Alikuwa amenunua maua makubwa ya njano.

"Maua?" Coralie alisema kwa sauti iliyokwaruzwa na mipira waliyomtia kooni. "Ulishindwa kuniua kwa vumbi, sasa unaniletea chavua?"

Nesi aliyatoa nje. Dokta akakaa kwenye kiti, mikono mitupu.

"Kondoo wako wapi?" Coralie akauliza.

"Wako bandani. Wote sita. Nimesoma daftari lako."

Coralie alikuwa na daftari ambalo hakuna aliyemwagiza kuandika. Humo aliandika nani kati ya kondoo anakohoa alfajiri na nani mchana, nani anaacha kula kabla ya kubanwa, nani anasimama ameinua shingo. Alijua dalili hizo kwa sababu zote alikuwa nazo mwenyewe.

"Wale sita wanafanana," Dokta alisema. "Hata kohozi lao si kama la wale wengine. Niliangalia chini ya hadubini. Nilipaswa kuangalia mapema." Halafu akasema, kwa shida, kama mtu anayetapika mfupa, "Kamati ya maadili inakutana tarehe kumi na tisa. Siwezi kuwabakiza bila ruhusa yao. Njoo uwaambie ulichoniambia."

"Nitakuja. Lakini sitasema kwa upole."

"Sijawahi kutegemea upole kutoka kwako, mama."

Kamati ile ina madaktari wa mifugo, watafiti, watu wa ustawi wa wanyama na raia wa kawaida. Waliketi meza ndefu. Coralie akawekwa mwishoni, amevaa koti la kanisani. Aliwaeleza. Hakutumia neno gumu hata moja. Alipomaliza, mjumbe mmoja, mchungaji mstaafu wa kanisa mwenye nyusi nzito, alimuuliza, "Bi Trembath, unawapenda wanyama hawa?"

"Nawapenda."

"Na unatuomba tuwaongezee miezi minne ya kubanwa kifua. Mimi ningedhani anayewapenda angewaombea wapumzike leo."

Nilimwona akishika ukingo wa meza, nikadhani kifua kimembana. Hakikuwa kifua.

"Mchungaji, mimi najua mwezi mmoja wa kubanwa ukoje. Nadhani humu ndani najua peke yangu. Siombi jambo dogo, na sitajifanya kuwa ni dogo. Lakini tumeshawafanya wagonjwa. Hilo limeshatendeka, na niliwashika mimi walipochomwa sindano. Mkiwaua leo, watakuwa wameugua bure. Hilo ndilo nisiloweza kulivumilia. Wekeni masharti yote mnayotaka. Akizidiwa mmoja nitasema mimi mwenyewe, na siku hiyohiyo atapumzishwa. Ila msinitupie nje wagonjwa pekee wanaofanana nami kwa kuwa wanaharibu mchoro wa matokeo ya mtu."

Waliruhusu, kwa masharti kumi na moja. Mchungaji alipiga kura ya hapana. Coralie alimpa mkono wakati wa kutoka, akasema angalau yeye alikuwa ameuliza.

Habari haikukaa ndani. Wiki mbili baadaye langoni kwetu walisimama vijana kama tisa wenye mabango ya kupinga majaribio kwa wanyama, na aliyeshika bango kubwa kuliko yote alikuwa Tamsin, mtoto wa kaka yake Coralie, mwanafunzi wa chuo, aliyekuwa akilala chumba cha nyuma nyumbani kwa Coralie bila kulipa hata kodi. Coralie alisimamisha gari, akateremsha kioo.

"Shikamoo shangazi," Tamsin alisema, bango juu.

"Marahaba. Umeandika 'mateso' vizuri. Mwaka jana ulikuwa hujui kuandika orodha ya sokoni."

Wenzake wakacheka, Tamsin hakucheka. "Shangazi, kondoo wale wamekubali?"

"Hawajakubali."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mimi nami sikuulizwa nilipopewa kifua hiki."

"Hilo si jibu!"

"Sio jibu. Ni kweli si jibu." Coralie alizima injini kabisa. "Nimelitafuta jibu, Tamsin, na sijalipata, na sitakudanganya kuwa ninalo. Ninachojua ni kwamba kila inhela duniani ilianza kwa mnyama. Ile uliyonishikia mdomoni ukiwa na miaka saba, mama yako analia jikoni, ilianza kwa mnyama. Simama hapo. Piga kelele. Watu wa kupiga kelele wanatakiwa, la sivyo hawa wenye vyeti watazembea. Ila jioni urudi na maziwa, yamekwisha."

"Mimi sinywi maziwa."

"Mimi nakunywa."

Hawakupatana juu ya jambo hilo, wala sijasikia kuwa wamepatana hadi leo. Jumapili Coralie alichoma mguu wa kondoo, na viazi vya Tamsin akavichoma kwenye sinia la pembeni, akilalamika kwa sauti kuhusu kuosha masinia mawili.

Dawa mpya ilitolewa kwa wale sita, kwa mvuke, kila asubuhi, kwa wiki kumi na mbili. Ilikuwa na namba tu, haina jina. Wiki ya tatu hakukuwa na badiliko. Wiki ya sita nilimpima namba kumi na mbili nikadhani mashine imeharibika. Nikaizima, nikaiwasha, nikampima tena. Pumzi ilikuwa inapita. Nilimwita Coralie. Alivua glavu, akaweka sikio lake kwenye ubavu wa kondoo yule, akakaa hivyo muda mrefu.

"Kimya," alisema. "Hakuna mluzi. Ilka, humu ndani kumenyamaza."

Mwishoni wanne kati ya sita walikuwa wamefunguka. Wawili hawakufunguka, na mmoja wao alikuwa Refa.

Ilikuwepo sehemu ya mwisho, na wote tuliijua tangu siku ya kamati: ili kujua dawa imefanya nini ndani ya mirija, lazima mapafu yatolewe. Kwa kawaida kazi hiyo tuliifanya sisi wa bandani pamoja na daktari wa mifugo; Dokta Perkovac aliletewa mapafu maabara, yamekatwa, yamewekwa kwenye vioo. Safari hii Coralie alikataa.

"Ukitaka mapafu, njoo uyafuate mwenyewe," alimwambia kwenye simu. "Ushike mguu. Si vibaya ukajua yanatoka wapi."

Alikuja. Walianza saa tatu asubuhi. Coralie alimshika kila kondoo kichwa, akamsemesha kwa sauti ya chini mpaka sindano ikafanya kazi, na kwa kila mmoja alitaja namba yake. Alipofika kwa Refa hakutaja namba. Dokta alishika mguu wa kila mmoja, hakutoka. Tulipomaliza alienda kunawa kwenye bomba la uani, akanawa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na sikumwona mtu yeyote akimcheka.

Basi ungedhani baada ya siku ile ubishi uliisha. Dokta alipoandika makala yake alileta nakala bandani, kwa adabu. Coralie aliisoma kwa miwani ya dukani, kidole kikifuata mistari, siku mbili. Siku ya tatu akaenda ofisini.

"Wale wawili wako wapi?"

"Wamo. Ukurasa wa tisa, kwenye wastani wa kundi."

"Wastani! Umewaficha ndani ya wastani. Kuna watu huko nje watakaopewa dawa hii na isiwasaidie, halafu wajione wao ndio wabovu. Mimi nimekuwa mtu huyo maisha yangu yote. Waweke kila mmoja kwa namba yake, nafuu aliyopata na asiyopata. Aonekane."

"Wahariri watasema nimeidhoofisha makala yangu mwenyewe."

"Waambie wanipigie simu."

Aliwaweka. Kisha Coralie akafunua ukurasa wa mwisho, kwenye shukrani, palipoandikwa jina lake kati ya fundi umeme na muuza chakula cha mifugo.

"Na hili?"

"Ni shukrani, Coralie."

"Shukrani anapewa mtu aliyekupikia chai. Nani alisema hawa sita wabaki?"

Nilikuwa mlangoni, natamani niwe mahali pengine. Dokta alichukua kalamu, akakata jina kule nyuma, akaliandika mbele, la pili baada ya lake. C. Trembath. Hana digrii hata ya kufuga kuku, kama alivyopenda kusema, na makala ile imesomwa Japani.

Majaribio ya dawa kwa watu yalipoanza Melbourne, aliomba kushiriki. Walimkataa: mapafu yamechakaa mno, tena ana uhusiano na utafiti. Aliwaandikia barua tatu za kuwasuta, akakataliwa mara tatu. Dawa iko kwenye hatua ya pili sasa. Wengine inawasaidia, wengine hapana, na hakuna ajuaye kama itafika dukani. Coralie bado anavuta inhela zake za zamani ambazo hazimfai sana, na mara mbili kwa mwaka tunamsindikiza Traralgon.

Lakini sasa yumo kwenye kamati ile ile ya maadili, anawakilisha watu wanaowatunza wanyama, na amekuwa mwiba kwao. Anapiga kura nyingi za hapana kuliko hata mchungaji. Mwezi uliopita Dokta Perkovac alileta ombi jipya la kondoo sitini. Coralie alilisoma lote, akalisukuma katikati ya meza.

"Kwa nini sitini? Kwa nini si arobaini?"

"Sitini ni salama zaidi kihesabu," Dokta alisema.

"Salama kwa nani?"

Dokta alilivuta ombi lake kurudi upande wake.

"Rudi ukahesabu, Dokta," Coralie akasema, akifungua chupa yake ya chai. "Ukipata namba unayoweza kunieleza kondoo mmoja mmoja, uje. Tupo."